Viraka vya Karatasi na Adabu ya Mkasi



Ndugu zetu wasomaji, wake kwa waume, na nyinyi vijana ambao ukurasa huu khasa ni wenu: baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), twapenda mwezi huu kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda mkastaajabu kulisoma katika ukurasa wa maalim wa chuo. Jambo lenyewe ni ile sanaa ya kukata vipande vya karatasi na vitambaa, kuvibandika juu ya karatasi ngumu, kisha kuvikamilisha kwa mistari ya kalamu mpaka vyote vikawa picha moja. Wengi huiita kolaji, neno litokalo katika lugha ya Kifaransa, na maana yake ni kubandika kwa gundi. Sisi tutaiita picha ya viraka, kwani kiraka ni neno ambalo hapana nyumba isiyolijua.

Hatuandiki haya kwa kuwa sisi ni mafundi wa kuchora. Elimu yetu ni ya chuoni na ya madarasa ya chini ya skuli, na umri wetu umekwisha kupita miaka hamsini. Twaandika kwa sababu tulikosa, na kosa letu likatufundisha. Na mtu aliyefundishwa na kosa lake, kisha akanyamaza, huwa amewanyima wenziwe faida aliyoipata bure.

Kisa chenyewe ni hiki. Ilikuwa alasiri ya Jumatano, siku ya mwisho ya juma la chuoni kwetu. Watoto walikuwa wamekwisha kusoma na wangojea dua ya kufungia. Tukamwona mwanafunzi mmoja wa kike, umri wake miaka 11, anawaonyesha wenziwe karatasi chini ya jamvi. Tukamwita ailete. Kumbe ilikuwa picha ya nyumba. Paa lilikuwa la vipande vyembamba vya karatasi ya kaki vilivyopangwa mfano wa makuti. Ukuta ulikuwa wa karatasi ya pakiti ya chai iliyogeuzwa nyuma. Mbele ya nyumba palikuwa na baraza, na juu ya baraza kipande cha kanga kimebandikwa kana kwamba kimeanikwa. Mnazi ulisimama kando, umechorwa kwa kalamu ya risasi. Na mlango wa nyumba, ndugu zangu, ulikuwa umekatwa katika karatasi ya dhahabu yenye maandishi ya Kiarabu, na herufi nyingine mkasi ulizipita katikati.

Tulipoziona herufi zile hasira zilitupanda. Hatukuuliza swali lolote, wala hatukuvaa miwani. Tuliipasua karatasi ile mbele ya chuo kizima mara mbili, vikawa vipande vinne, na tukasema maneno makali juu ya watu wachezao na maneno ya Mwenyezi Mungu. Mtoto hakulia. Aliinama, akaokota vipande kimoja kimoja, akavitia ndani ya mkoba wake, na dua ilipokwisha akaenda zake.

Jumamosi hakuja. Juma zima likapita, na la pili likaingia. Siku ya Alhamisi, baada ya sala ya Magharibi, mama yake akabisha hodi kwetu. Alikuwa ameshika bahasha.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Sikuja kwa ugomvi, Maalim. Nimekuja unisomee haya, maana mimi herufi nazijua lakini maana yake siijui."

Akatoa vipande viwili akaviunganisha juu ya mkeka. Tukavaa miwani yetu, tukasoma. Kisha tukanyamaza kitambo.

"Ni nini, Maalim?"

"Ni tende," tukasema. "Yamesema: tende bora. Na chini yake ni uzito wake kwa gramu."

Yule mama hakucheka wala hakutulaumu. Alitueleza tu ya kuwa nyumba ile ilikuwa ya marehemu mama yake mzazi, bibi wa yule mtoto. Boksi la tende ndilo la mwisho walilofuturia naye katika Ramadhani yake ya mwisho. Chai ile ndiyo aliyokuwa akinywa. Na kanga ni pindo la kanga yake. Warithi wameiuza nyumba ili wagawane haki zao, na aliyeinunua ameivunja. Kwa hivyo mtoto aliijenga upya kwa vitu vilivyotoka ndani yake. Mwisho mama akasema, huku akitazama chini: "Nimemwambia arudi chuoni, Maalim. Amenijibu kuwa harudi kwa mwalimu anayepasua asichokisoma."

Ndugu zetu, sisi tumewafundisha watoto miaka zaidi ya thelathini kwamba amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) ni amri ya kusoma. Usiku ule tulijiona kuwa mwanafunzi wetu ameishika amri ile kuliko sisi. Na kwa kuwa tulimwaibisha mbele za watu, tuliona haitoshi kumwomba radhi sirini. Tulikwenda kwao tukamwomba arudi, na siku aliporudi tulimwomba radhi mbele ya chuo kizima. Wako waliotuambia kuwa jambo lile lingepunguza heshima ya mwalimu. Sisi twasema kwamba heshima isiyoweza kuvumilia kusema "nimekosa" ni ndogo sana tangu hapo.

Baada ya haya tuliona ni wajibu wetu kuichungua sanaa hii: Je, inafaa katika nyumba ya Muislamu? Ilitoka wapi? Na mtoto apendaye kuifanya aongozwe vipi? Tutayasema tuliyoyapata kwa mpango huo.

Ama kwa upande wa dini, hukumu ya picha ni mlango mpana, na wanavyuoni wamekhitilafiana katika matawi yake. Hatudai kuufunga mlango huo katika ukurasa mmoja. Lakini yako mambo mawili yanayotosha kumwongoza mtoto. La kwanza, imepokewa kuwa mtu mmoja aliyekuwa akiishi kwa kazi ya kuchora sura alimwendea Ibn Abbas, Mungu awe radhi naye, kutaka fatwa. Ibn Abbas akamwonya juu ya kuchora vyenye roho, na akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi na kazi hiyo, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Ndiyo njia tuliyoishika chuoni kwetu: nyumba, miti, majahazi, milima, bahari, vyombo, maua na nakshi. Uwanja huo ni mkubwa mno, na mtoto hataumaliza katika umri wake.

La pili ni khabari ya Bibi Aisha, Mama wa Waumini. Alikuwa ametundika pazia lenye sura, na Mtume (S.A.W.) aliporudi safarini akachukizwa nalo, likaondolewa. Bibi Aisha hakulitupa. Alilikata, akafanya kwa kitambaa chake mto au mito miwili ya kuegemea. Tazameni basi, enyi akina mama: kitambaa kilichokosa mahali pamoja kilipata kazi mahali pengine kwa njia ya mkasi. Kukata kwenyewe si uharibifu. Hutegemea kinachokatwa, na anayekata amekusudia nini, na baadaye hukifanya nini alichokikata.

Yako na ya kujihadhari nayo. Karatasi yenye aya ya Kurani au jina la Mwenyezi Mungu haikatwi wala haibandikwi penye mchezo. Ikichakaa, huzikwa mahali pasipokanyagwa au huchomwa kwa heshima, kama wafanyavyo wazee wetu. Walakini si kila herufi ya Kiarabu ni aya. Kiarabu ni lugha ya watu pia. Huandikwa juu ya boksi la tende, juu ya sabuni, na juu ya mkebe wa samli. Mwenye shaka na asome, na asiyejua kusoma na aulize. Hilo sasa twalisema kwa ujuzi!

Tuje kwenye asili yake. Wako wadhanio kuwa sanaa hii ni mpya na kuwa imeletwa na Wazungu. Dhana hiyo si sahihi. Karatasi yenyewe iliwafikia Waislamu kutoka Uchina kwa njia ya Samarkand katika karne ya 8, na kabla ya karne hiyo kwisha ilikuwa ikitengenezwa Baghdad. Tangu hapo karatasi nzuri ilihesabiwa kuwa ni mali, hata vipande vyake havikutupwa ovyo.

Katika nchi za Uajemi, Uturuki na Bara Hindi palikuwa na kitabu kinachoitwa murakaa. Neno hili ni la Kiarabu, na maana yake ni kitu kilichotiwa viraka. Kiraka chetu cha Kiswahili chatoka katika shina lilo hilo. Murakaa ulikuwa mkusanyo: kipande cha khati ya fundi huyu, mchoro wa kalamu wa fundi yule, ukingo wa nakshi uliokatwa katika kitabu kilichochakaa, vyote vikabandikwa katika ukurasa mmoja na kuzungushiwa mistari na rangi mpaka jicho likaviona kuwa ni kitu kimoja. Mmoja katika mikusanyo iliyo mashuhuri ni ule aliopangiwa Bahram Mirza, ndugu yake Shah Tahmasp wa Uajemi, katika mwaka 1544 na 1545. Aliyeupanga na kuuandikia dibaji ni Dust Muhammad, mwandishi wa khati na mchoraji. Mkusanyo huo umehifadhiwa Istanbul, katika maktaba ya jumba la Topkapı.

Kabla ya hapo, huko Harat, mji ulioko leo katika Afghanistan, mafundi wa zama za Sultan Husayn Bayqara, aliyetawala tangu mwaka 1469 hata 1506, walifikia kiwango ambacho mtu akikisikia asipokiona husita kukisadiki. Walikuwa wakikata herufi zenyewe katika karatasi ya rangi, herufi za khati nyembamba, kisha huzibandika moja moja juu ya karatasi ya rangi nyingine, na maneno yakasomeka kama yaliyoandikwa kwa kalamu. Diwani ya mashairi ya Sultan huyo ilitengenezwa kwa namna hii, na kurasa zake zimetawanyika katika majumba ya makumbusho mpaka New York. Mwanzoni mwa karne ya 17 alisifika Fakhri wa Bursa, katika dola ya Uthmaniya, kwa khati za kukata na kwa bustani za karatasi zenye miti na maua membamba mno.

Na Jahangir, mfalme wa Bara Hindi aliyetawala tangu mwaka 1605 hata 1627, alikuwa na mikusanyo ambayo ndani yake picha za chapa zilizoletwa na Wazungu ziliwekwa pamoja na khati za Kiajemi, na mafundi wake wakachora pambizoni kwa kalamu na dhahabu. Sehemu kubwa ya mkusanyo wake mmoja iko Tehran katika jumba la Golestan. Basi Muislamu hakuogopa kuchukua kipande kilichotoka mbali. Alikichukua, akakipa mahali pake, na kwa kalamu yake akakiunganisha na vya kwao.

Huko Ulaya nako sanaa hii ina khabari zake, na mbili tutazitaja kwa kuwa zina mafunzo. Ya kwanza ni ya bibi mmoja Mwingereza, jina lake Mary Delany, aliyezaliwa mwaka 1700. Alipokuwa na umri wa miaka 72, mjane, alianza kukata karatasi za rangi vipande vidogo vidogo na kuvibandika juu ya karatasi nyeusi kwa mfano wa maua halisi, jani kwa jani na mshipa kwa mshipa. Penye haja aliongeza rangi kwa brashi, na pengine alibandika jani lenyewe lililokaushwa. Aliendelea miaka kama kumi, mpaka macho yalipomshinda, naye amekwisha kutengeneza karibu maua 1,000. Yamehifadhiwa katika British Museum, London. Enyi wazee wenzetu msemao kuwa umri umetupita, mtasemaje juu ya bibi huyu?

Ya pili ni ya mwaka 1912. Mchoraji wa Kifaransa, Georges Braque, aliona katika duka moja la mji wa Avignon karatasi ya kubandika ukutani iliyopigwa chapa mfano wa mbao. Akainunua, akakata vipande vitatu, akavibandika juu ya karatasi nyeupe, kisha kwa makaa akachora bakuli la matunda na gilasi, mistari ikipita juu ya vipande na juu ya karatasi tupu pia. Jambo hilo lilionekana dogo, lakini yeye na rafiki yake Pablo Picasso, ambaye mwaka huo huo alikuwa amekwisha kubandika kitambaa cha nta katika picha yake, walifungua njia ambayo wachoraji wa dunia nzima wameifuata. Angalieni alichokifanya: hakuichora mbao. Aliikata kutoka katika karatasi, na kalamu akaiachia kazi ya kuunganisha.

Nasi watu wa pwani hatukuwa mikono mitupu. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, waandishi wa karne ya 18 na 19 walinakili misahafu kwa mikono yao, wakatia nakshi katika pambizo kwa wino mwekundu, mweusi na wa manjano, juu ya karatasi zilizokuja kwa majahazi kutoka ng'ambo. Misahafu hiyo si picha ya viraka, wala hatusemi hivyo. Lakini ni ushahidi kuwa mkono wa mwana wa pwani umezoea kupamba karatasi kwa subira na kwa adabu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, tukiyaeleza yale tuliyoyajaribu chuoni kwetu tangu siku ile, kila Jumatano baada ya masomo.

Kwanza, gundi. Hapana haja ya kununua. Chukua vijiko viwili vya unga wa muhogo, koroga katika maji baridi kidogo mpaka usiwe na madonge, kisha ongeza maji mpaka kikombe kimoja, weka juu ya moto mdogo na ukoroge bila kuacha mpaka uwe mzito na weupe wake upungue. Tia chembe ya shabu iliyosagwa ili usiote ukungu upesi. Itumie siku hiyo au ya pili yake, na kazi iliyokauka iwekeni mbali na mende, kwani gundi hii kwao ni chakula.

Pili, msingi. Tumia karatasi ngumu au ubavu wa boksi. Karatasi iliyolowa gundi hutanuka, na ikikauka hujikunja na kuuvuta msingi upinde. Dawa yake ni mbili: paka gundi nyembamba, na bandika karatasi tupu nyuma ya msingi ili mivuto ya pande mbili iwe sawa. Kisha laza kazi kati ya karatasi safi, weka juu yake ubao na jiwe, na uiache kivulini mpaka asubuhi.

Tatu, panga kabla ya kubandika. Huu ndio mlango ambao watoto hukosea sana, na wakubwa pia. Weka vipande vyote mahali pake bila gundi, simama, rudi nyuma hatua mbili, utazame. Anza na vilivyo mbali: mbingu kwanza, halafu bahari au kilima, halafu nyumba, na mwisho kile kilicho karibu nawe, kila kimoja kikilala kidogo juu ya mwenzake. Kilichobandikwa hakibanduki ila kwa kuharibika.

Nne, jua tofauti ya kukata na kupasua. Mkasi hutoa ukingo mkali. Hufaa kwa mlango, ukuta, tanga la jahazi. Karatasi ikipasuliwa polepole kwa vidole hutoa ukingo laini wenye nyuzi nyeupe. Hufaa kwa wingu, kwa povu la mawimbi, na kwa mchanga wa pwani. Basi hata kupasua kuna mahali pake, kukiwa kwa makusudio na kwa utulivu.

Tano, kalamu. Ngoja gundi ikauke kabisa, maana wino juu ya karatasi mbichi hutapakaa. Anza kwa kalamu ya risasi, kisha wino. Sisi tunautumia wino wa masizi uliochanganywa na gundi ya mgunga na maji, kwa kalamu ya mwanzi, kama tulivyofundishwa na walimu wetu kuandika juu ya ubao. Siri yake ni hii: usizungushie kila kipande mstari kama ua, kwani utavitenga. Mstari na uanzie juu ya kipande, uvuke ukingo wake, uendelee juu ya karatasi tupu, kama tawi la mnazi liendavyo kutoka katika shina lililobandikwa mpaka kwenye mbingu isiyobandikwa kitu. Hapo ndipo viraka vinapokuwa picha moja.

Sita, chagua unachokikata. Karatasi ya gazeti hugeuka manjano upesi juani. Ukitaka kazi idumu, itumie kwa uchache. Kitabu cha mtu hakikatwi. Picha za jamaa, nguo na vyeti vilivyomo kabatini haviguswi bila ya idhini ya mwenyewe. Karatasi mpya haikatwi ilhali mabaki yapo, kwani hiyo ni israfu. Pakiti za chai, kalenda ya mwaka uliokwisha, mifuko ya kaki, vitambaa vinavyobaki kwa fundi cherehani: hivi ndivyo hazina ya mtoto.

Enyi wazazi, msiidharau saa moja ambayo mtoto ameinama juu ya vipande vyake. Katika saa hiyo hujifunza kupanga, kungoja, na kutazama. Na mara nyingi mtoto huweka katika picha lile ambalo ulimi wake haukuweza kulisema. Mwanafunzi wetu hakuja kutuambia kuwa amefiwa na bibi yake na kuwa nyumba imevunjwa. Aliyasema hayo kwa makuti ya kaki na kwa pindo la kanga, na sisi, tuliokuwa na wajibu wa kuyasikia, tuliyapasua. Kabla hujakiadhibu kilicho mkononi mwa mtoto, muulize: "Hiki ni nini, mwanangu? Umekitoa wapi? Kwa nini umekiweka hapa?" Maswali matatu hayamalizi hata nusu ya dakika.

Huenda mtapenda kujua ile picha ilikuwaje. Mtoto aliibandika upya juu ya karatasi ngumu. Kipande kidogo cha mlango kilipotea. Yumkini kilifagiwa pamoja na taka siku ile ile. Mahali pake amepachora kwa wino wa masizi tuliompa sisi, na amezinakili zile herufi zilizokosekana kwa mkono wake mwenyewe, kwa khati nzuri. Tulimshauri aifunike ile mipasuko miwili kwa vipande vya karatasi ya rangi ili isionekane. Akatujibu kwa adabu: "Naiacha, Maalim." Hatukumzidishia neno. Picha imetundikwa nyumbani kwa mama yake, nasi tukienda kuwajulia hali twaketi tukiielekea.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yule, aihifadhi mikono ya watoto wetu na aijaalie kheri, na atusamehe sisi walimu yale tunayoyaharibu kwa haraka tukidhani twaitetea haki. Wabillahi tawfiq.